Kuishi na kifafa Bukavu: siri huchosha kuliko kuanguka

Mtu akianguka kifafa katikati ya soko la Kadutu, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, waliomzunguka hugawanyika mara moja. Wapo wanaorudi nyuma ili mate yasiwafikie, wapo wanaotafuta kijiko cha kumtia katikati ya meno, na wapo wanaosimama kando wakiulizana: huyu ni mtoto wa nani? Kijiko huvunja meno tu, maana hakuna mtu anayemeza ulimi wake. Lakini lile swali ndilo zito, kwa sababu jibu lake litafika nyumbani kabla ya mgonjwa mwenyewe kufika.

Krizi yenyewe, yaani huko kushikwa na kifafa, huchukua dakika moja au mbili, mara chache zaidi ya tatu. Mtu hulala, huamka kichwa kizito na misuli ikimuuma, hupangusa vumbi. Hapo huanza kazi nyingine isiyo na saa: nani ameona, atamwambia nani, na itarudi lini. Krizi ina dawa hospitalini. Hiyo kazi ya pili huachiwa familia, na familia nyingi zinajua njia moja tu ya kuishughulikia, yaani kuficha. Nitaeleza kwa nini kuficha kunaeleweka kabisa, na kwa nini bado bei yake ni kubwa kuliko watu wanavyohesabu.

Ugonjwa wenyewe nitaupitia haraka. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo mno. Nyingi zikiwaka kwa pamoja bila mpangilio, mtu hupoteza fahamu, hukakamaa na kutetemeka, au huzubaa tu sekunde chache macho yakiwa wazi. Krizi moja kwa kawaida haitoshi kuitwa kifafa; daktari huangalia kama zimetokea mbili zisizo na chanzo cha papo hapo, zilizoachana kwa zaidi ya saa 24. Degedege ya mtoto mwenye homa ni habari nyingine, na wengi wa watoto hao hukua bila kifafa. Chanzo huweza kuwa uzazi uliokwama mtoto akakosa hewa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali ya pikipiki, au tegu wa nguruwe ambaye viluwiluwi vyake vimejikita ubongoni. Mara nyingi chanzo hakipatikani kabisa. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa sahani, wala kwa kumshika mkono aliyeanguka.

Shirika la Afya Duniani, OMS kama tunavyoliita huku, linakadiria kwamba watu milioni 50 duniani wana kifafa, karibu asilimia 80 kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Linasema pia kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila krizi wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Fenobabitali, dawa ambayo imetumika kwa kifafa tangu 1912, ni ya bei nafuu, na muuguzi wa kituo cha afya aliyefunzwa anaweza kumfuatilia mgonjwa bila kumngoja bingwa wa neva. Kwa hiyo, kwa walio wengi, upande wa mwili una njia. Nasema hivi mapema kwa sababu nimesikia mara nyingi mno watu wakizungumzia kifafa kama hukumu.

Aibu inayotangulia tukio

Mwaka 1986 watafiti wawili wa Uingereza, Graham Scambler na Anthony Hopkins, walichapisha matokeo ya mazungumzo yao na watu wazima wenye kifafa. Walitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. La kwanza ni unyanyapaa unaotendwa: kufukuzwa kazi, kuachwa na mchumba, kunyimwa kiti. La pili ni unyanyapaa unaohisiwa: aibu ya kuwa na ugonjwa, pamoja na hofu kwamba siku moja utatendewa hayo. Walichokuta ni kwamba wengi hawakuwa na visa vingi vya kutendewa, ila hofu ilikuwa imeshapanga maisha yao yote. Hofu hiyo iliwavurugia maisha kuliko matendo yenyewe ya watu.

Ukiutazama huo mduara kwa makini utaona ulivyo mgumu kuvunjika. Mtu anaficha, na kwa kuwa anaficha, hakuna anayemkataa. Kwa kuwa hajakataliwa, anaamini ni kuficha kulikomwokoa. Hapati kamwe nafasi ya kujua kama jirani yake angebaki rafiki. Na kadiri miaka inavyopita, ndivyo anavyokuwa na kingi zaidi cha kupoteza siku itakapojulikana.

Aibu hiyo haitoki hewani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanasosholojia wa Marekani Joseph Schneider na Peter Conrad waliandika kwamba wengi waliozungumza nao walijifunza kuona haya kutoka kwa watu waliowapenda sana, hasa wazazi. Yeyote aliyekulia katika parseli, yaani viwanja vya nyumba, za huku anajua masomo hayo yanavyofundishwa bila neno. Kuna kikombe cha bati, ukingo umebanduka rangi, kinachooshwa peke yake na kuwekwa dirishani mbali na vingine. Hakuna aliyemwambia mtoto kwamba ni chake. Anakikuta tu mbele yake kila siku. Mgeni akiuliza kuhusu kovu la mkononi, jibu hutoka kwa mama kabla mtoto hajafungua kinywa: “Aliungua na chai akiwa mudogo.” Siku ya harusi ya binamu anaachwa alinde nyumba. Mama huyo hamchukii mwanawe hata kidogo. Anamlinda asidharauliwe, na katika kumlinda anamfundisha kwamba ana kitu cha kudharauliwa.

Hata hivyo, Bukavu si London, na ingekuwa uongo kusema hapa hofu haina sababu. Wapo wenye nyumba waliomtaka mpangaji ahame baada ya krizi moja uani. Zipo shule zilizomwambia mzazi amweke mtoto nyumbani “mpaka apone”. Posa zimevunjika. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, aliyefungua kliniki ya kifafa huko Mahenge, Tanganyika, miaka ya 1960 ikianza, alikuta wagonjwa wanaokula peke yao, wengi wakiwa na makovu makubwa ya moto, kwa sababu watu waliogopa kumgusa aliyeangukia jikoni. Ndiyo maana ushauri wa “mwambie kila mtu, usiogope” unaotolewa na watu wa mbali huwa hauna msaada sana kwetu. Anayetoa ushauri huo hatalala nje mwenye nyumba akikasirika.

Wala tusijione washamba peke yetu. Nchini Uingereza, sheria zilizoruhusu ndoa kubatilishwa kwa sababu ya kifafa hazikurekebishwa mpaka 1971. Marekani, hadi miaka ya 1970, ilikuwa halali kumzuia mtu mwenye krizi asiingie mkahawani au kwenye ukumbi wa maonyesho. Huko nako watu waliogopa, mpaka tiba, sheria na watu waliokataa kujificha vikabadilisha mambo pole pole.

Kungoja

Jambo ambalo mtu asiye na kifafa hulielewa kwa shida ni uzito wa kutojua lini. Mwenye kidonda anajua kinauma. Mwenye kifafa yuko mzima kabisa asubuhi, mchana, jioni, wiki nzima, na bado hawezi kuahidi kwamba kesho saa nne atakuwa amesimama. Familia isiyojua umeme utakatika lini huacha kununua nyama ya siku mbili, hata kama friji ipo. Ndivyo mtu anavyoacha kidogo kidogo: anaacha kwaya kwa sababu ni kusimama mbele za watu, anaacha kushuka ziwani na wenzake, anaacha kukaa kiti cha mbele kanisani, anaacha kuitika anapoalikwa. Hakuna aliyemkataza. Ukimuuliza atasema hapendi tu.

Kuacha huku hufanana na uvivu au kiburi kwa anayetazama kutoka nje. Mara nyingi ni wasiwasi, na wakati mwingine ni sonona, yaani huzuni inayokaa wiki kwa wiki hata kukiwa hakuna msiba. OMS inasema sonona hupatikana kwa takriban asilimia 23 ya watu wazima wenye kifafa, na maradhi ya wasiwasi kwa asilimia 20. Idadi hiyo ni kubwa mno kuiita bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja.

Sonona hiyo ina mizizi mitatu iliyosokotana. Mmoja ni maisha yenyewe: kazi iliyokosekana, mchumba aliyeondoka, kulindwa kupita kiasi. Wa pili ni ubongo, kwani sehemu zinazozaa krizi, hasa pembeni mwa kichwa karibu na masikio, ni jirani wa sehemu zinazoendesha hisia na kumbukumbu. Kuna watu ambao huzuni iliwatangulia hata kabla ya krizi ya kwanza. Wa tatu ni dawa. Fenobabitali huokoa maisha, lakini huweza kumfanya mtu mzima awe mzito, mwenye usingizi na moyo wa chini, na mtoto mdogo awe mtundu asiyetulia. Levetirasetamu, dawa nyingine ya kifafa, kwa baadhi ya watu huleta hasira za ghafla. Kwa hiyo mtu akibadilika tabia wiki chache baada ya kubadilishiwa dawa au dozi, apelekwe kwa daktari kwanza kabla ya kuambiwa ameota pembe. Na asiache dawa ghafla: kuikatiza fenobabitali kwa mara moja huweza kuleta krizi zinazofuatana bila kukoma, na hizo huua.

Kujiua pia hutokea zaidi kwa watu wenye kifafa kuliko kwa wengine. Mtu akianza kusema amechoka kuwa mzigo, au akigawa vitu vyake, aulizwe wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema. Asiachwe peke yake, vidonge vikae mikononi mwa mtu mwingine wa nyumbani, na apelekwe kwa wahudumu wa afya siku hiyohiyo. Hapa Bukavu kituo cha SOSAME cha Mafrere wa Charité, watawa wa Kikatoliki, hupokea wenye maradhi ya akili na wenye kifafa pia, kama Tulizo Letu kule Goma na kituo cha Joseph Guislain kule Lubumbashi. Najua wengi hukataa kwenda, wakisema hapo ni kwa wendawazimu, wao wanaanguka tu. Basi mtu mwenye kifafa naye anamwogopa mwenye maradhi ya akili kama wengine wanavyomwogopa yeye, na katikati ya hofu hizo mbili anakosa mtu wa kuzungumza naye.

Maombi, mkesha na kidonge

Familia nyingi hupita kanisani au kwa mganga wa kienyeji kabla ya kufika hospitali, au huenda kote kwa pamoja. Sina neno baya juu ya kuomba. Chumba cha maombi mara nyingi ndipo mahali pekee ambapo mtu aliyeanguka hushikwa na mikono ya watu, na jambo hilo hospitali nyingi hazilitoi. Shida iko kwenye mambo mawili ya mwili tu. Kukosa usingizi ni mojawapo ya vichochezi vikubwa vya krizi, na mkesha ni kukosa usingizi. Kufunga siku tatu bila kula wala kunywa kwa kawaida humaanisha pia kufunga bila dawa. Hivyo mtu anaweza kuanguka mbele ya wanaomwombea, kwa sababu ya ratiba ya maombi, kisha wote wakaona ni pepo amekataa kutoka. Pasta anayesema “meza dawa yako, ulale, tutakuombea mchana” humsaidia mgonjwa kuliko mabango mengi ya afya, kwa sababu watu humsikiliza.

Lawama nayo ina kazi yake katika familia. Kusema “alilogwa na shangazi” humwondolea mama hatia ya kudhani ni kosa lake la wakati wa mimba. Anayetaka kuiondoa imani hiyo kwa nguvu, bila kumpa mama jibu lingine la kwa nini, anamrudishia ile hatia. Afadhali kuanza hapo: hukukosea, hakuna ulichokula wala ulichofanya.

Babula na bugali

Mazoea ya kuishi na kifafa hupimwa jikoni zaidi ya popote, nami nitakaa hapo kidogo. Jiko letu ni babula ya makala, yaani ya makaa, iko chini, sufuria juu yake haina kitu cha kuishikilia, na bugali husongwa kwa nguvu mtu akiwa ameinama juu ya moto. Anayeanguka hapo huungua vibaya, na makovu ya watu wenye kifafa yanaeleza hivyo. Basi familia hukataza: wewe usipike.

Katazo hilo ni la busara, na bado tazama linavyomfikia msichana wa miaka kumi na sita. Dada zake wanasonga bugali na kuchambua sombe (kisamvu) wakicheka, yeye ameketi kwenye kiti cha plastiki. Wageni wanamwona ameketi. Shangazi anauliza kama ni mvivu. Baada ya miaka michache hajui kupika, na katika mji huu msichana asiyejua kupika ameshaondolewa kwenye hesabu ya kuolewa kabla mtu yeyote hajajua kuhusu krizi. Usalama umempokonya nafasi yake ya mwanamke mtu mzima nyumbani, na hakuna aliyekusudia hivyo.

Ipo njia ya katikati, nimeiona ikifanya kazi. Babula hujengewa kizimba cha udongo, juu ya usawa wa goti, ikaingizwa kwenye shimo lake isipinduke. Msichana hupika mtu mwingine akiwa hapo, si kwa kumlinda kwa macho bali kwa kupiga soga kama kawaida ya jikoni. Mafuta ya kukaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, huachiwa mwingine. Maji ya moto hayabebwi. Sahani ndizo zinazofuata sufuria. Kwa mtindo huohuo, mtu huoga kwa ndoo badala ya kuingia ziwani, mlango ukifungwa bila komeo. Hulala kitanda kisicho juu, chandarua kama kawaida. Huteka maji kwenye bomba pamoja na mwenzake, badala ya kushuka peke yake kwenye mteremko wenye utelezi. Kila hatari ina dawa yake ndogo, na kazi ya familia ni kuitafuta hiyo kabla ya kutoa katazo. Kazi chache tu hazina njia ya katikati: kuendesha pikipiki, kupanda juu ya mapaa, kuvua usiku kwenye mtumbwi. Hizo mtu anayeanguka bado azikatae, hata kama zina pesa.

Nani ajue

Turudi kwenye siri. Kati ya kumwambia kila mtu na kutomwambia yeyote kuna nafasi kubwa, na hapo ndipo wanaoishi vizuri na kifafa wamejenga maisha yao. Swali la maana ni nani atakuwa karibu nikianguka. Huyo ajue. Mwenzangu wa meza sokoni, mwalimu wa darasa, ndugu tunayelala naye chumba kimoja, kiongozi wa kwaya. Shangazi wa mbali anayependa habari anaweza kungoja.

Namna ya kusema ina uzito kuliko wingi wa maneno. Siri inayotolewa kwa kunong'ona na machozi humfundisha msikilizaji kuogopa. Mshonaji mmoja aliwaambia wenzake wa karakana siku ya pili ya kazi, akiwa anapima kitenge, bila kuinua sauti: “Nina kifafa. Nikianguka, muniweke ubavu, musinitie kitu mudomoni, muangalie saa. Ikipita dakika tano, mutafute gari munipeleke hospitali. Ikiisha kabla ya hapo, muniache nilale.” Kisha akauliza nani ana mkasi. Wenzake walipewa kazi ya kufanya, na mtu mwenye kazi ya kufanya hakimbii. Hofu nyingi tunayoiita ukatili ni watu kutojua mikono yao waiweke wapi.

Shuleni ni muhimu zaidi mwalimu aambiwe, hasa kwa mtoto ambaye krizi zake ni za kuzubaa. Huyo hukatika katikati ya sentensi, akarudi sekunde kumi baadaye bila kujua swali lilikuwa nini, akachapwa kwa kutosikiliza. Na yule anayesinzia kwa sababu ya dawa, alama zikashuka, watu husema kifafa kimemla akili. Huenda ni dozi tu inayohitaji kupangwa upya, kubwa jioni, ndogo asubuhi, na hilo prefe, mkuu wa shule, hawezi kulijua asipoambiwa.

Ndoa ndiyo ngumu kuliko zote. Familia hujadili mahari bila kutaja chochote, kwa hoja kwamba akishaingia nyumbani kwake mume atamzoea. Kinachofuata ni bibi harusi anayeficha vidonge kwenye mfuko wa unga au chini ya godoro, anayeshindwa kuvimeza mbele ya wifi, anayekosa dozi siku mbili tatu, analala saa chache kwa sababu ya sherehe, na anaanguka wiki ya kwanza. Siri iliyotakiwa kulinda ndoa ndiyo imeleta krizi, na sasa mume ana malalamiko mawili: ugonjwa, na kudanganywa. La pili ndilo linalotajwa zaidi mbele ya wazee. Binafsi naona mchumba aambiwe kabla familia hazijaketi, na mgonjwa mwenyewe, pengine mbele ya muuguzi anayeweza kujibu maswali. Swali la kwanza karibu kila mara ni watoto. Jibu la kweli ni kwamba watoto wengi mno wa mzazi mwenye kifafa hawapati kifafa.

Mwanamke mwenyewe ana swali lingine ambalo wakwe hawaulizi. Valproati, dawa ya kifafa inayouzwa pia kwa jina la Dépakine, huongeza sana hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro au kuchelewa kiakili, kwa hiyo azungumze na daktari kabla ya kupata mimba, sio baada, wala asiiache mwenyewe. Fenobabitali na karbamazepini, nayo dawa ya kifafa, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya kipandikizi cha mkononi. Wanawake wamepata mimba wasizozipanga wakaambiwa walisahau vidonge, kumbe dawa mbili zilikuwa zinapingana ndani yao.

Krizi zisizo za umeme

Kuna watu wanaoanguka na kutetemeka ambao ubongo wao, ukipimwa wakati huohuo, hauonyeshi ule mlipuko wa umeme. Katika mkoa uliopitia vita tuliyopitia, hasa miongoni mwa wanawake na wasichana waliotendewa ukatili, mwili wakati mwingine husema kile ambacho mdomo haukuruhusiwa kusema. Hawaigizi. Hawawezi kujizuia kama mwenye kifafa asivyoweza. Lakini dawa za kifafa haziwasaidii. Kinachosaidia ni matibabu ya mazungumzo na mtu aliyefunzwa, yanayochukua muda. Tofauti hiyo haipaswi kuamuliwa na jirani, kwa sababu mtu mmoja huweza kuwa na krizi za aina zote mbili, na aliyeambiwa “unajifanya” huacha pia dawa anazozihitaji.

Vita yenyewe imeongeza mzigo. Tangu Februari 2025, mji ulipobadilika mikono na benki zikafunga, kupata vidonge na pesa ya kuvinunua kumekuwa hesabu ya kila wiki. Milio ya risasi usiku hula usingizi. Anayeweza, na aweke akiba ndogo ya dawa pakavu, pamoja na karatasi yenye jina la dawa na dozi kwenye pochi yake, ili hata akikimbilia mahali pasipo na daktari wake mtu mwingine aendelee pale alipofikia.

Krizi zikikoma

Watu wengi hudhani dawa ikishika, mambo yamekwisha. Mwaka 2001 watafiti wa Australia, Sarah Wilson, Peter Bladin na Michael Saling, walieleza hali waliyoiona kwa wagonjwa waliopona kwa upasuaji wa ubongo: baadhi yao walilemewa na uzima wenyewe. Huku upasuaji huo ni wa mbali, lakini hali hiyo naiona kwa waliotulizwa na vidonge. Mtu aliyelelewa kama mgonjwa miaka ishirini ghafla anatarajiwa kutafuta kazi, kuoa, kuchangia msiba, kutoa zamu yake ya likelemba, ule mchango wa kupeana pesa kwa zamu. Hana visingizio tena, na hana mazoezi. Wengine hukasirika kwa ajili ya miaka iliyopotea, na hasira hiyo huwashtua ndugu waliotegemea shukrani.

Ndugu nao wamezoea ulinzi wao. Kaka mkubwa ambaye alijenga heshima yake kwa kumtunza mdogo wake hajui atakuwa nani asipohitajika, na akiambiwa “Yaya, nitakwenda peke yangu” huhisi amefukuzwa. Inafaa familia ikae, na muuguzi akiwapo ikiwezekana, ipange kurudisha mambo kwa zamu. Baada ya miezi kadhaa bila krizi aende mtaa wa Nyawera peke yake. Baadaye ashike pesa za nyumba. Baadaye asafiri Uvira kwa ndugu na dawa zake mfukoni. Habari ya kupunguza dawa kwa kawaida huzungumzwa baada ya miaka miwili hivi bila krizi, kwa watu wengine kamwe, na hufanywa polepole kwa miezi chini ya daktari. Krizi moja ikirudi katikati ya safari hiyo, dozi hurudishwa na mpango wa familia huendelea pale ulipoishia, bila kikombe cha bati kurudishwa dirishani. Pikipiki ingoje mpaka daktari aseme.